Jeannette Aliyekufa Mara Arobaini na Moja

Kindu, 23 Agosti 2002
(Karatasi ya Msalaba Mwekundu. Habari za familia tu.)

Kwa mdogo wangu Hadidja Hamisi, nyumbani kwa bibi, Tunda.

Asalam alaykum. Mimi kaka yako Djamali ni mzima. Msalimie bibi, mwambie shati alilonitumia nililipata kabla njia haijafungwa. Huku mchele umepotea sokoni, tunakula majani ya viazi. Dada yetu Sifa amepumzika tarehe 19, hospitalini, kwenye uzazi, na mtoto naye. Tumewazika vizuri. Mume wake Soudi bado yuko machimboni, mji wa Kama, anatafuta dhahabu, hajui. Ni mapenzi ya Mungu. Usilie sana, utamtia bibi ugonjwa. Karatasi imekwisha.

Djamali

Tunda, 6 Novemba 2002

Yaya Djamali,

Asalam alaykum. Karatasi yako imefika juzi, kaka yangu. Bibi ni mzima ila hataki kula. Mimi sasa nina miaka kumi na tano na nimelima karanga peke yangu. Sifa alikufaje? Aliugua siku ngapi? Wewe ulikuwa naye? Alisema nini? Bwana anayegawa karatasi anasema hairuhusiwi kuuliza habari za vita, lakini hii si habari ya vita, ni habari ya Sifa. Nijibu.

Hadidja, mdogo wako

Kindu, 14 Januari 2003

Mdogo wangu,

Nimefurahi kusikia habari za karanga. Usizianike chini, zianike juu ya mkeka, zisipate ukungu. Bibi mpe uji mwepesi. Mimi mzima. Njia ikifunguka nakuja Tunda moja kwa moja, na sitaki kurudi huku.

Djamali

Kindu, 11 Machi 2024

Yaya Djamali,

Asalam alaykum, na mfungo mwema kwako, kwa wifi, kwa watoto, na kwa yule mbuzi wako mla nguo ambaye najua hatafunga. Sisi wazima. Abdallah mume wangu bado anauza misumari na kulalamika. Naandika kwa mkono kwa sababu mnara wa simu wa Tunda tangu upigwe na radi haujaamka, na pia kwa sababu nimeshauriwa nisiseme mambo haya kwenye simu.

Yaya, nimeua mtu. Nimeua mara arobaini na moja, na wote ni mtu mmoja. Kaa chini kwanza.

Unajua kwamba tangu mwaka jana nafundisha wakunga wanafunzi hapa maternite, wodi ya uzazi ya hospitali ya Kindu. Wafadhili walituletea sanamu ya plastiki, mwanamke kuanzia shingoni hadi magotini. Ana tumbo, ana mtoto ndani, na ana mfuko wa maji mekundu unaomwaga damu ukifungua kibomba. Wanafunzi wamempa jina Jeannette. Kila asubuhi Jeannette anazaa, kila asubuhi anavuja damu, na mwanafunzi akichelewa, Jeannette anakufa. Ndiyo kazi yake. Afadhali afe yeye mara mia kuliko mama mmoja mwenye watoto wanaomngoja nyumbani.

Mimi nimewazoesha kuandika kila kitu: jina, umri, saa, dawa, matokeo. Daftari la mazoezi lilipojaa, nikachukua rejista mpya iliyokuwa kabatini, ile ya kweli, yenye kurasa za namba na mhuri. Kosa ni langu, nalikubali. Sasa kuna Edouard, karani wetu wa takwimu. Edouard hana ubaya hata kidogo, ugonjwa wake ni uaminifu tu. Akiona rejista anahesabu, na akishahesabu anatuma. Kila Ijumaa, miezi mitatu, ametuma vifo vya Jeannette mkoani. Kuna Jumatatu moja alikufa mara tano, maana siku hiyo Nicole ndiye aliyekuwa kwenye zamu. Nicole ni mwanafunzi wangu mwenye moyo mzuri kuliko wote na mikono mizito kuliko yote.

Jumatano wakaja. Kamati ya maadili na vifo vya wazazi: mwenyekiti wao Maître Kitenge, mwanasheria mwenye mkoba wa ngozi, pasta Ephraïm, na daktari mmoja mzee asiyesikia vizuri.

“Marehemu njo nani?” akauliza Maître.

“Njo huyu,” akasema Nicole, akionyesha meza.

Maître akavua kofia, akasogea. Akaona marehemu hana kichwa. Basi akabaki na kofia mkononi, hajui airudishe au aendelee kuheshimu.

Nilimweleza yote. Nilicheka hata, nikidhani tutacheka pamoja. Akasema: “Madame, sheria haijue mchezo. Rejista ya Serikali inasema wanamuke makumi ine na moja walikufa hapa. Maiti iko wapi? Kaburi iko wapi?”

Nimesimamishwa kazi, yaya. Siruhusiwi kumgusa mgonjwa yeyote. Wakisema nimeficha maiti, faili linakwenda mahakamani, na kutoka huko ni gereza. Maître ameniambia nilete mkubwa wa familia asimame nami. Wewe ndiye mkubwa. Njoo.

Hadidja wako

Tunda, 2 Aprili 2024

Mdogo wangu Hadidja,

Wa alaykum salam. Barua yako imekuja na mchuuzi wa chumvi, imenuka samaki lakini inasomeka. Sisi wazima. Mbuzi amekula kanzu niliyoiweka ya Idi, nusu yake. Nusu nyingine nitaswali nayo nikijibanza ukutani.

Habari ya Jeannette nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, na wifi yako amecheka hadi nikaogopa atafungua kabla ya magharibi. Mwanamke hana kichwa, hana miguu, amekufa mara arobaini na moja, na kesho yake yuko kazini! Hapa Tunda nina majirani ambao hawajafanya kazi kiasi hicho tangu wazaliwe. Huyo Maître amhoji mwenyewe, kama ana mdomo.

Dawa ni ndogo: chukua kalamu, piga mstari, futa. Nani atajua?

Kuhusu kuja Kindu, magoti yangu na treni hawapatani. Halafu mpunga uko shambani. Na mambo ya kusimama na kutia sahihi ni ya mume. Abdallah aache misumari siku moja, asimame.

Wifi yako anatuma nusu kopo la mawese. Ukipata robo, mlaumu mchuuzi.

Kaka yako Djamali

Kindu, 29 Aprili 2024

Yaya,

Asalam alaykum. Idi ilipita salama? Na ukuta je, ulivumilia? Mawese yamefika robo. Abdallah anakusalimu, anasema yeye amenioa mimi, Jeannette hamjui.

Ushauri wako wa kufuta niliupeleka kwa Maître, kwa njia ya kuuliza tu. Aliruka kwenye kiti. “Kufuta muntu mu rejista? Ile njo kosa kubwa kupita kumuua!” Nimeachana na kalamu.

Kamati imekaa mara tatu. Siku ya kwanza walijadili kama Jeannette ni mtu. Daktari mzee alisema ni plastiki. Maître akafungua rejista, akapita safu zote kwa kidole, akasema hapa kuna safu ya jina, safu ya umri, safu ya mimba, lakini safu ya plastiki haipo. Siku ya pili wakauliza kama Jeannette alitoa ridhaa ya kufundishiwa. Wanafunzi wamemwingiza mikono mara arobaini na moja, karatasi ya ridhaa iko wapi? Nikasema hana mikono ya kutia sahihi. “Basi mulipaswa kuita familia yake.” Nikamuuliza familia ipi, ya kiwandani? Wameandika jibu langu katika PV, kumbukumbu za kikao, na pembeni yake wameandika: hakuonyesha majuto.

Mimi nilikuwa nimekwisha kukasirika hadi masikio yanawaka. Lakini pasta Ephraïm akasema kitu kimoja ambacho nimekibeba hadi nyumbani. “Tusianze kuhesabu nani njo muntu na nani si muntu. Wakati ya vita tulihesabu, na mulionaka matokeo.” Kisha akavua koti, akaenda kumfunika Jeannette, na kesho yake akamletea kikwembe kipya, kitambaa cha maua cha kujifunga. Siku ya tatu wakafunga chumba chake kwa mhuri, ushahidi usiguswe. Sasa wanafunzi wangu wanajifunza kwa mto wa kulalia. Mto hauvuji damu, yaya. Mto hauwezi kumfundisha mtu kuogopa.

Na sokoni wamesikia kwamba wanawake arobaini na mmoja wamekufa kwa siri. Ijumaa wakaja wamama wa mtaa, na mikeka, na sufuria ya wali, wakakaa uani kwetu kuomboleza. Nikawaambia, mama zangu, ni sanamu. Mkubwa wao akanishika mkono. “Tunajua ni plastiki. Lakini wale ya wakati ya vita hatukuwalilia. Acha tulie hapa.” Wakalia siku mbili. Edouard alipita na karatasi yake akataka kuwahesabu, nikamfukuza.

Nilikaa nao na mimi. Sikumlilia Jeannette, yaya. Nilimlilia Sifa. Miaka ishirini na miwili imepita na mimi sijui dada yangu alikufaje. Nimekuwa mkunga kwa ajili yake, nimezalisha nusu ya mji huu, na sijui. Wewe ulikuwepo. Niambie.

Hadidja

Tunda, 30 Mei 2024

Mdogo wangu,

Wa alaykum salam. Mpunga tumevuna, wa chini umeoza kidogo. Mbuzi tumemfunga kwa mnyororo, amekula kamba. Wifi yako alikuwa na homa, sasa mzima. Watoto wanasoma.

Umefanya vizuri kulia na wale wamama. Huyo pasta ni mtu.

Kuhusu mengine, karatasi imekwisha.

Djamali

Kindu, 18 Juni 2024

Yaya,

Asalam alaykum. Juzi tumechinja, tumekukumbuka. Umeniandikia kwamba karatasi imekwisha, na nusu ya ukurasa ni nyeupe. Nimeugeuza, na nyuma pia ni peupe.

Nisikilize basi mimi niseme. Jumanne iliyopita nilikuwa kwenye benchi la korido, maana kusimamishwa kwenyewe nakufanyia kazini. Akaletwa mama mmoja kutoka Alunguli, ng'ambo ya mto, uchungu siku mbili, mtoto amekaa vibaya. Daktari yuko tayari, chumba cha upasuaji kiko tayari. Nicole anatafuta mtu wa kutia sahihi. Mume yuko Punia, simu yake haipatikani. Mama mkwe yuko pale na kanga yake mdomoni: “Tungoje bwana yake. Mimi siwezi kushika kalamu kwa bibi ya muntu.” Na yule mama yuko kitandani, macho wazi, anamtazama kila anayesema.

Nikainuka. Nikamwambia Nicole: muulize yeye.

Nicole akanitazama kana kwamba nimesema tumuulize Jeannette. Nikaenda mwenyewe. Nikamwinamia yule mama, nikamshika bega, nikamuuliza unataka tukupasue? Akasema: “Tangu asubuhi ninangoja muntu aniulize.”

Aliweka kidole kwenye karatasi kwa wino wa mhuri. Mtoto ni wa kike, analia vizuri. Na mimi faili langu limeongezeka ukurasa: nimemgusa mgonjwa nikiwa nimesimamishwa. Nimeulizwa kama najuta, nikasema andikeni tena vilevile.

Sasa nakuuliza, Djamali, na mara hii sitaki mbuzi wala mpunga. Sifa aliulizwa? Nani aliulizwa?

Hadidja

Kindu, 22 Julai 2024

Yaya,

Mwezi umepita. Mchuuzi wa chumvi ameapa kwamba alikupa barua mkononi na kwamba uliisoma ukiwa umesimama, kisha ukaingia ndani. Basi sitauliza tena. Nakueleza nilichofanya.

Maître Kitenge amepata njia ya kisheria ya kunitoa, na yeye mwenyewe ameifurahia sana. Anasema hivi. Jina moja, umri mmoja, kitanda kimoja: huyu ni mtu mmoja. Mtu anakufa mara moja tu. Kwa hiyo vifo arobaini ni marudio ya karani, na marudio sheria inaruhusu kuyafuta. Nikaruka kwa furaha. Akainua kidole. “Arobaini tu, madame. Moja inabakia. Muntu aliyeandikwa mara makumi ine na moja hawezi kuwa alikufa mara zero.”

Nikamuuliza huyo mmoja tumtoe wapi. Akasema lazima awe na jina kamili, kaburi, familia, na awe amekufa katika maternite hii hii. Tarehe, akasema, si tatizo, kwa sababu katika kifo cha kwanza kabisa Nicole alisahau kuandika tarehe, na pengo likijazwa halihesabiwi kuwa limefutwa. Asipopatikana, faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka tarehe thelathini na moja Agosti, na mimi pamoja nalo.

Daktari mzee alikuwa anasinzia. Edouard alikuwa anachonga penseli. Nikasema: Sifa Hamisi. Umri miaka ishirini na miwili. Tarehe 19 Agosti 2002.

Wakauliza rejista ya mwaka ule iko wapi. Nikasema askari waliichana, wakavutia tumbaku kwa kurasa zake. Hakuna aliyebisha, wote walikuwepo mjini. Unaelewa, yaya? Sifa hayumo mahali popote. Amezikwa, lakini hakuna karatasi duniani inayosema kwamba alikufa, wala kwamba aliwahi kuishi. Plastiki ina faili la kurasa sitini. Ina PV, ina pasta, ina kikwembe, imekaliwa na kamati mara saba. Dada yetu hana mstari mmoja. Nimempa mstari wa Jeannette. Kama ni kosa, ni kosa langu la arobaini na mbili.

Wamekubali, lakini uchunguzi lazima ufanywe kamili kama kifo cha jana. Nimefunga humu fomu. Ina maswali kumi na moja. Ajibu mtu wa familia aliyekuwepo. Aliyekuwepo ni wewe peke yako.

Hadidja

Tunda, 9 Agosti 2024

Hadidja mdogo wangu,

Wa alaykum salam. Kila mtu mzima.

Fomu yenu nimeijaza. Maswali manane ya kwanza ni mepesi, jina, kaburi, mimba ya ngapi. Nimeandika kwamba kaburi nalijua na kwamba sijalizuru tangu mwaka 2003. La tisa limenikalisha wiki mbili. Sikujibu kwenye fomu, mistari yao ni miwili tu. Najibu hapa. Mpe Maître akasome.

Sifa alishikwa na uchungu Jumamosi. Nilimbeba kwa mkokoteni wa mchanga hadi hospitali, risasi zilikuwa zimenyamaza siku ile. Daktari alikuwepo. Watu wanadhani hakukuwa na daktari, nimewaacha wadhani hivyo. Alikuwa na kisu, alikuwa na dawa ya kulaza iliyobaki ya mtu mmoja, na mafuta ya jenereta ya saa moja. Akaniambia mtoto amekaa vibaya, napasua sasa hivi, tia sahihi hapa. Akanipa kalamu.

Nikasema, tungoje mwenye mke.

Soudi alikuwa machimboni Kama. Njia ya Kama ilikuwa imefungwa miezi mitatu, nilijua. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nawaambia watu kwamba imefungwa. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na minne na niliwaza, akifia mezani chini ya sahihi yangu, ukoo wa Soudi utasema Djamali ameuza mke wa mtu kwa kisu. Akifa bila sahihi, ni mapenzi ya Mungu. Hayo ndiyo niliyowaza, hakuna mengine makubwa.

Daktari akaniuliza tena jioni, na tena asubuhi ya Jumapili. Jumapili jioni mafuta ya jenereta yakachukuliwa na wanajeshi. Alikufa Jumatatu.

Sasa swali lenu la tisa: “Je, mgonjwa mwenyewe aliulizwa?”

Hapana. Na alikuwa macho. Alisikia yote. Alisema, “Djamali, nipe ile kalamu, nitatia mimi.” Alisema hivyo mbele ya daktari. Daktari akanigeukia mimi, akasema sahihi ya mugonjwa haitoshi, tunahitaji mwanaume. Na mimi nikafurahi, Hadidja. Andika hilo. Nikafurahi, kwa sababu kama angempa kalamu, ingeonekana kwamba ilikuwa rahisi. Nikamwambia Sifa anyamaze, asijichoshe. Hilo ndilo neno langu la mwisho kwake ambalo alilisikia.

Soudi alirudi mwaka uliofuata. Nilitegemea anipige. Aliniuliza tu, “Kwa nini hukusaini?” Akangoja jibu, halafu akaenda zake. Mimi nikaja Tunda. Magoti yangu hayana kitu, mdogo wangu. Nacheza mpira na watoto.

Ulikuwa na miaka kumi na tano ukaniuliza ukweli nikakujibu karanga. Naona haya. Sijui kuandika vizuri zaidi ya hapo.

Djamali Hamisi, aliyekuwepo

Kindu, 2 Septemba 2024

Djamali,

Asalam alaykum. Wifi na watoto nawasalimu wote.

Barua yako nilikaa nayo siku tano kabla ya kuipeleka. Nilikukasirikia hadi nikavunja sahani mbili, Abdallah akaondoa zilizobaki. Nilitaka uwe umekosa daktari. Nilitaka iwe vita. Ningekusamehe vita mara moja.

Kisha nikaipeleka. Maître Kitenge aliisoma kwa sauti, maana daktari mzee hasikii, na ilibidi aisome kwa sauti kubwa, kila neno, hadi wamama waliokuwa nje kwenye foleni ya kupima watoto wakasogea dirishani. Alipofika kwenye kalamu alisimama, akafuta miwani. Akaendelea. Alipomaliza, akamwomba daktari aseme sababu ya kifo ili iandikwe. Tulidhani hakusikia, kwa jinsi alivyokaa. Halafu akasema: “Andika: kungoja.” Edouard akasema hilo halimo katika orodha ya sababu za vifo, orodha ina namba, na kungoja hakuna namba. Daktari akamwambia ampe namba mpya. Edouard, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, ameandika kitu kisicho na namba.

Uamuzi ni huu. Vifo arobaini vimefutwa. Kimoja kimebaki: Sifa Hamisi, kifo kilichoweza kuzuiliwa. Mimi nimerudishwa kazini tangu jana. Kamati imeagiza karatasi ya ridhaa ya maternite ibadilishwe, mstari wa kwanza uwe wa mgonjwa mwenyewe, na wa mume uwe chini, kwa herufi ndogo. Maître alitaka wa mume uondolewe kabisa, pasta akasema taratibu. Walibishana saa nzima kuhusu ukubwa wa herufi, na mara hii sikukasirika. Jeannette amefunguliwa chumba. Asubuhi ile ile Nicole amemuua tena, lakini safari hii tumeandika kwenye daftari la shule.

Leo nimekwenda kwa afisa wa usajili wa raia kuchukua cheti cha kifo cha Sifa. Ameniuliza kwa nini tumechelewa miaka ishirini na miwili, nikamwambia swali ni zuri. Anasema mimi sikuwepo, kwa hiyo siwezi kutia sahihi. Anamtaka aliyekuwepo, aje mwenyewe, na kitambulisho chake. Cheti kimeandikwa chote, kiko mezani kwake, kimebaki na mstari mmoja chini.

Bado sijajua kama nimekusamehe. Nitajua nikikuona. Treni ikipita stesheni ya Kibombo, panda. Usimngoje mtu.

Hadidja